Jina la Mtu Liandikwe Mara Moja

Katika afisi zetu za Kasongo na Kabambare, ziwe za serikali, za Kanisa, za misikiti, za shule au za kanda za afya, ipo desturi moja iliyozoeleka hata haionekani tena kuwa ni desturi, nayo ni kwamba karani akiagizwa kuwaita watu arobaini mkutanoni, huifungua barua aliyopelekewa mtu mmoja mwaka jana, akafuta jina, akaandika jina jingine, akapiga chapa, akafuta tena, akaandika tena, akaendelea vivyo hivyo mpaka jua lizame au mpaka betri ya sola iishe nguvu. Kazi hiyo hufanywa kwa uvumilivu unaostahili sifa. Lakini matokeo yake aghalabu ni haya: barua ya thelathini inamwita mkuu wa sekta kwa jina la mwalimu aliyemtangulia katika orodha, tarehe ya juu ni ya mwaka huu na tarehe ya ndani ni ya mwaka uliopita, na mjane anapokea mwaliko ulioandikwa kwa marehemu mumewe, ambaye afisi hiyo hiyo ilileta rambirambi siku ya maziko yake.

Rai ninayoileta mbele ya wasomaji ni kwamba kila afisi ya teritwari hizi mbili iwe na daftari moja la watu wake ndani ya kompyuta, na violezo vya barua vilivyofungamanishwa na daftari hilo, ili jina la mtu na cheo chake na mahali anapokaa yaandikwe mara moja, mbele ya mwenyewe, kisha yasiguswe tena na mkono wa mtu mwenye haraka. Nasema daftari kwanza na kiolezo baadaye, na katika utaratibu huo ndimo hoja yangu yote ilimo. Maana mtu apatapo kompyuta huvutwa na kile kinachopendeza macho, yaani kichwa cha barua chenye nembo na rangi za bendera, akatumia siku nyingi kukipamba, na wakati wa kuwaandikia watu ukifika akatambua kuwa hajui kwa hakika watu wake ni akina nani.

Kwa ajili ya wale ambao hawajapata kuiona kazi hii, nieleze kwa ufupi. Kiolezo ni waraka ulioandikwa yale yasiyobadilika: jina la afisi, mahali pa namba ya barua, salamu, maelezo ya shauri lenyewe, na mahali pa sahihi na muhuri; na pale penye kubadilika, kama jina la mwandikiwa, huachwa nafasi iliyopewa jina la safu fulani ya daftari. Daftari nalo ni jedwali ambalo mstari wake wa juu una vichwa vya safu, na kila mstari unaofuata ni mtu mmoja. Programu ya kuandikia, iwe Microsoft Word au LibreOffice ambayo hutolewa bure, hushika mtu wa kwanza katika daftari ikamjaza katika nafasi zile, ikatoa barua yake. Ikashika wa pili, ikatoa ya pili. Na watu arobaini wakawa na barua zao kabla karani hajamaliza kupanga bahasha. Fauka ya hayo, nafasi zile zaweza kuwekewa sharti: mwandikiwa akiwa mwanamke aitwe Bibi, akiwa mwanamume aitwe Bwana, na asiye na namba ya simu, mstari wa simu usionekane kabisa. Na kiolezo kilichohifadhiwa kuwa kiolezo, wala si kuwa barua ya kawaida, kila kinapofunguliwa hutoa karatasi mpya isiyo na jina, nacho chenyewe hubaki kama kilivyokuwa. Hiyo ni sifa ambayo barua ya mwaka jana haina, kwa maana barua hiyo kila inapotumiwa huondoka na kitu cha yule iliyemtumikia kabla.

Wala jambo lenyewe si la jana. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilianza kuuza taipureta iliyohifadhi maandishi katika kanda za sumaku, nayo iliyokuwa na kanda mbili iliweza kuiweka barua katika kanda moja na majina katika nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi hii ilikwisha kuingia katika kompyuta ndogo za mezani pamoja na programu ya WordStar. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice iliyosema Kiswahili, nao wakaiita Jambo OpenOffice. Na LibreOffice ya leo imetokana na OpenOffice hiyo hiyo. Chombo, basi, tumekuwa nacho. Kilichokosekana ni nia ya kukaa chini na kuwahesabu watu wetu.

Ikiwa kuna nchi ambayo kazi hii ingeifaa, ni hii yetu, kwa sababu barua ya kiserikali ya Kongo haiwi kamwe shauri la watu wawili. Juu ya karatasi, kabla hata ya jina la mwandikiwa, huja maneno ya Kifaransa ambayo kila aliyewahi kuomba kitu kwa mkubwa anayajua, Transmis copie pour information à, na chini yake hupangwa wale wote wanaopewa nakala ili wapate habari: Mheshimiwa Gavana wa Mkoa wetu wa Maniema huko Kindu, waziri wa mkoa anayehusika, Msimamizi wa Teritwari, mkuu wa polisi, mkuu wa usalama, na wakati mwingine Askofu na viongozi wa mashirika ya raia. Kila mmoja hutajwa kwa cheo chake kamili na kwa zamu yake, na akipangwa chini ya aliye mdogo wake, barua imekwisha kuharibika hata kabla ya kusomwa. Shauri la daraja la miti lililoanguka laweza kuwa na mistari mitatu ya maelezo na mistari kumi ya mashahidi. Wako wanaolicheka jambo hili. Mimi silicheki, kwa kuwa katika nchi ambamo karatasi hupotea kwa wepesi, nakala nyingi ni hila ya mnyonge ya kuhakikisha kuwa hapana mkubwa atakayesema kesho kwamba hakuambiwa.

Lakini tazama orodha hiyo ya mashahidi inavyotunzwa. Haitunzwi. Huhamishwa kutoka barua hii hadi ile, mwaka baada ya mwaka, na ndani yake hubaki wizara iliyokwisha kubadilishwa jina, afisi iliyokwisha kuhamishwa, na neno Monsieur juu ya kiti ambacho sasa amekikalia mwanamke. Mkubwa mpya akifika, karani wa afisi moja husahihisha barua zake, na karani wa afisi jirani hapati habari. Na hata katika afisi moja, barua ya matangazo husahihishwa na barua ya maombi husahaulika. Lau vyeo hivyo vingekaa katika daftari, na barua zote zikavisoma humo, kubadilika kwa mtu mmoja kungekuwa ni kubadilisha mstari mmoja, na barua zote zikafuata siku hiyo hiyo bila ya kukumbushwa.

Asidhani mtu kuwa ninaleta Kasongo jambo ambalo Kasongo haikulijua. Katika miaka ya 1880, mji huu ulipokuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na baadaye ya mwanawe Sefu, nyaraka zilikuwa zikipita baina ya Kasongo, Nyangwe, Kabambare, Ujiji, Tabora na Unguja, zikiandikwa kwa hati za Kiarabu, nyingine katika lugha ya Kiarabu na nyingine katika Kiswahili. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yakiongozwa na Mbelgiji Dhanis, yaliingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare ikatwaliwa Januari 1894. Na baadhi ya nyaraka za zama zile zilifika Ubelgiji zikahifadhiwa huko, ambako mwanachuoni Xavier Luffin wa Bruxelles amezisoma na kuzieleza. Tippu Tip mwenyewe aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili katika hati hizo hizo, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903.

Barua za namna ile zilikuwa na kawaida zake, na aliyesoma barua moja ya pwani amekwisha kujua zote zitakavyoanza. Kwanza huja jina la mwandikiwa pamoja na lakabu zake, janabi, mpendwa, mheshimiwa, sheikh, kwa kipimo cha daraja lake. Kisha salamu na rehema za Mwenyezi Mungu. Kisha ama baad. Kisha habari ya hali ya mwandishi, ambayo ni njema hata ikiwa si njema. Ndipo shauri lenyewe. Na mwishoni salamu za wa nyumbani, tarehe ya Hijra na jina la mwenye mkono. Mwandishi hakubuni mwanzo wala mwisho. Alibuni katikati tu. Hicho ni kiolezo, na kilikuwa kikitumika hapa petu kabla ya mashine ya kwanza ya kuandikia kuvuka Lualaba.

Mwandishi yule, hata hivyo, alikuwa na kitu kimoja ambacho karani wa leo hana. Watu aliowaandikia aliwajua. Alijua nani ni mwana wa nani, nani amekwenda Hijja, nani amepewa nchi na nani amenyang'anywa. Kiolezo kilikuwa kichwani mwake, na daftari la watu lilikuwa kichwani mwake pia. Karani wetu huandikia watu mia mbili ambao wengi wao hajapata kuwaona, katika afisi ambazo wakubwa wake huhamishwa kila baada ya miaka michache, na karani mwenyewe akihamishwa au akifariki, yale machache aliyoyajua huondoka naye. Jamaa waulizapo kwa nini afisi fulani haijibu tena barua, jawabu mara nyingi ni hilo: aliyekuwa akijua ameondoka. Kwa hiyo daftari lazima litoke kichwani likae mahali ambapo mrithi wake atalikuta.

Sasa nije kwenye jina lenyewe, kwa kuwa hapa ndipo penye uzito. Kijana wa Kiislamu wa Kasongo hupewa nyumbani jina la mwezi wa kufunga. Chuoni, mwalimu wa Kurani humwandika Ramadhani. Shuleni huandikwa Ramazani, kama yalivyo matamshi yetu na kawaida ya karatasi zetu. Katika kadi ya mpiga kura, kijana wa mashine aliyechoka kwa msururu wa watu humwandika Ramazany, na hakuna aliyemsomea mwenyewe kilichoandikwa. Ndivyo ilivyo kwa Selemani na Suleimani, kwa Asumani na Athumani, kwa Mwajuma na Muadjuma. Mtu ni mmoja, sura ni moja, na mama yake ni mmoja. Lakini mbele ya dirisha la malipo wamesimama watu watatu, na mwenye dirisha anataka mmoja tu.

Historia nayo imeongeza mashaka. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya ubatizo ya kigeni, watu wakajitafutia majina ya mababu, na lile jina la pili ambalo Kifaransa chetu hulitia katika safu ya post-nom likakaa imara katika karatasi zote. Baada ya 1990 majina ya ubatizo yakarudi kwa wingi. Kwa sababu hiyo katika nyumba moja ya Kabambare waweza kumkuta babu aliyesajiliwa kwa jina la ubatizo, baba aliyesajiliwa bila ya hilo, na mjukuu mwenye yote matatu, na kila mmoja ana karatasi iliyo sahihi kwa sheria ya zamani zake. Kitambulisho cha taifa kilichoenea kwa watu wote hatuna kwa miaka mingi, na kadi ya mpiga kura, tangu zile zilizotolewa kwa uchaguzi wa 2006, ndiyo imeshika nafasi hiyo. Maana yake ni kwamba jina lililoandikwa kwa pupa katika foleni ya uandikishaji ndilo limekuwa ushahidi wa mtu kwamba yeye ni yeye.

Anayeona kuwa haya ni mambo madogo na awaulize walimu. Serikali ilipoanza mwaka 2011 kulipa mishahara kwa njia ya benki, na katika sehemu zisizo na benki Caritas ya Kanisa ikapewa kazi ya kupeleka fedha, mwalimu mwenye herufi moja katika orodha ya SECOPE, idara iliyosimamia mishahara ya walimu, na herufi nyingine katika kadi yake alijikuta hana la kusema mbele ya mlipaji. Wanafunzi kadhalika: jina la mtahiniwa hutoka katika orodha iliyoandikwa shuleni, na mtihani wa serikali, ambao umekuwapo tangu 1967, hutoa diploma kwa jina lililopelekwa, si kwa jina la aliyefanya mtihani. Kosa likitoka Kasongo limekwenda Kinshasa, na kulirudisha kutoka Kinshasa si kazi ya mkulima wa karanga. Kanuni ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto. Akizikosa, yambidi aende mahakamani kutafuta hukumu. Mzazi wa Salamabila anayepoteza cheti cha kuzaliwa cha mtoto, au aliyeandikiwa humo jina lisilo la mwanawe, haanzi safari ndogo.

Daftari moja lingepunguza balaa hii, lakini lisije likasifiwa kupita kiasi. Makosa ya karani wa zamani yalikuwa yametawanyika: huku amekosa, kule amepata, na mwenye jina aliweza kuonyesha karatasi nzuri dhidi ya karatasi mbaya. Kosa lililomo katika daftari halitawanyiki. Litatokea katika mwaliko, katika shahada, katika orodha ya malipo na katika bahasha, kwa sura moja, kwa unadhifu, likiwa na adhama yote ya ukweli. Na mwenye jina akilalamika ataonyeshwa karatasi kumi zinazomkana. Ndiyo maana nasema jina liandikwe mbele ya mwenyewe. Asomewe herufi kwa herufi, kwa sauti, kwa Kiswahili. Aulizwe karatasi yake kongwe inasemaje na karatasi yake mpya inasemaje. Na akikubali, atie sahihi au kidole. Wala majina yake yasisongwe pamoja katika safu moja. Jina liwe na safu yake, la pili liwe na yake, na la ubatizo au la kuitwa liwe na yake, kwa sababu kompyuta haitambui lipi ni la babu na lipi ni la kanisani, nayo ikitakiwa kupanga watu kwa herufi itapanga kwa neno lililotangulia, liwe lolote. Na pembeni iwepo safu ya jina jingine analojulikana kwalo katika karatasi nyingine, ili siku ya ubishi afisi iweze kutoa ithibati.

Kwamba watu wa Kasongo wanaweza kutunza daftari la namna hiyo, hilo halihitaji ubashiri, maana limekwisha kufanyika bila ya kompyuta yoyote. Tangu 1971 waganga na wauguzi wa mradi uliokuja kujulikana ulimwenguni kuwa ni Mradi wa Kasongo, wakishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, walijenga vituo vya afya ambamo jalada la mgonjwa lilitunzwa, na kadi za wale waliohitaji kufuatwa zikapangwa visandukuni kwa tarehe ya kurudi kwao, ili asiyefika siku yake ajulikane na atafutwe kijijini. Kwa kutunza majina namna hiyo, mwaka 1981 mradi uliweza kuchapisha katika jarida la The Lancet la Uingereza uchunguzi juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35 wa hapa Kasongo, uchunguzi ambao husomwa na kubishaniwa hata leo. Nchi ilipogawanywa katika kanda za afya 306 katika miaka ya 1980, mafunzo ya Kasongo yalikuwa miongoni mwa yaliyofuatwa. Kanda tulizo nazo leo, Kasongo, Kunda na Samba upande mmoja, Kabambare, Lusangi na Salamabila upande wa pili, ni warithi wa visanduku vile vya kadi. Nami sioni kwa nini warithi wawe na mashine bora na orodha duni.

Vikwazo vipo, na vingine ni vya kuchekesha. Karani akiandika namba za simu katika Excel, programu ya majedwali, bila ya kuiambia kuwa ni maandishi, sifuri ya mbele huliwa, na mtu mwenye namba inayoanza na 081 au 099 hubaki na namba isiyompata yeyote. Tarehe zikitoka katika jedwali kuingia katika barua huweza kugeuka zikawa za Kimarekani, mwezi mbele na siku nyuma, hata mkutano wa tarehe 5 Machi ukaitishwa Mei. Jedwali likihifadhiwa kwa mfumo wa herufi usio wake, kila é ya Kifaransa hugeuka kuwa mikwaruzo. Na kubwa kuliko yote kwa afisi zetu, ambamo kila kitu husafiri kwa flashi: kiolezo hukumbuka njia ya mahali daftari lilipokuwa, na flashi ikichomekwa katika kompyuta nyingine njia hiyo inakuwa imepotea, barua zikatoka tupu au hazikutoka. Dawa zake ni nyepesi, maadamu mtu ameambiwa: safu za simu na tarehe zifanywe maandishi, jedwali lihifadhiwe kwa mfumo wa UTF-8, daftari na violezo vikae katika kompyuta moja visihame, na barua tatu za kwanza zitazamwe kwenye kioo kabla ya karatasi kuliwa.

Kizuizi kingine si cha mashine. Wako vijana wenye nyumba za sekretaria karibu na soko, wenye kompyuta, printa, mashine ya fotokopi na jenereta, ambao afisi nyingi zisizo na umeme huwapelekea kazi zao. Nao hulipwa kwa ukurasa unaochapwa. Kwao, barua arobaini zinazochapwa upya ni mlo wa siku kadhaa, na kiolezo ni adui. Hoja yao ni ya haki, na atakayeipuuza atashangaa kuona kuwa kiolezo chake kimeharibika kila wiki. Lakini afisi iliyo na akili itawalipa kwa jambo ambalo sasa hawalipwi, nalo ni kulisahihisha daftari kila mwezi na kutunza nakala yake. Malipo yasiwe kwa wingi wa kurasa, yawe kwa uchache wa barua zinazorudishwa. Ningependa hata shule zetu za ufundi wa afisi ziwafundishe wanafunzi kazi hiyo kabla ya kuwafundisha kupamba kichwa cha barua.

Lipo jambo zito zaidi, ambalo watu wa mashine hawapendi kulitaja. Orodha iliyopangwa vizuri, yenye jina, kijiji, kazi na simu, humfaa anayetaka kualika, na humfaa vilevile anayetaka kuwinda. Mwaka 1964, majeshi ya waasi wa Simba yalipoishika Maniema, ukarani na usomi vilitosha kumfanya mtu auawe. Na aliyenusurika aghalabu alinusurika kwa kutojulikana. Katika miaka yetu hii, huko Salamabila kando ya dhahabu ya Namoya, watu wenye silaha wamewahi kuwa na neno kubwa kuliko la afisi. Kuna sheria, nayo ni Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za watu. Lakini sheria iko Kinshasa na flashi iko mfukoni mwa mtu. Basi daftari liwe na yale tu ambayo barua inayahitaji. Safu ya kabila ya nini, ikiwa barua haimwiti mtu kwa kabila lake? Safu ya dini ya nini katika orodha ya walipa kodi ya soko? Kila safu isiyo na kazi ni hatari inayotunzwa bure. Daftari liwe na neno la siri linalojulikana na watu wawili, si mmoja wala kumi. Na kila mwisho wa mwaka lichapwe, litiwe sahihi, lifungiwe sandukuni, kwa sababu mashine hufa, nasi tumekwisha kuona afisi zikichomwa na zikianza tena kutoka karatasi iliyofichwa chini ya kitanda.

Wapo watakaosema tungoje umeme, au tungoje kompyuta mpya, au tungoje mradi wa wafadhili utakaoleta mafunzo na posho za kukaa. Kompyuta ya miaka kumi iliyopita inayowaka kwa sola yatosha kabisa kwa kazi hii, na fundi wa kuiweka LibreOffice ndani yake hukosekana kwa nadra. Kinachohitajiwa ni mtu mmoja katika afisi atakayeambiwa kwamba daftari ni amana yake, na mkubwa mmoja atakayekubali kutotia sahihi barua yoyote iliyoandikwa nje ya daftari. Hilo la pili ndilo gumu, maana wakubwa wetu hupenda kutia sahihi kwa haraka zaidi ya wanavyopenda kusoma.

Kazi yenyewe ningependa ianze na orodha ya wakuu wa sekta, wakuu wa usultani na wakuu wa makundi ya vijiji vya teritwari hizi mbili, kabla ya walimu, kabla ya wagonjwa na kabla ya walipa kodi. Orodha yao ni fupi, wenyewe wanajulikana, barua huwaendea mara kwa mara, na hakuna hata mmoja kati yao atakayenyamaza akiona jina lake au cheo chake kimekosewa.